Umuti si mti: deni letu kwa watu waliotupokea bila kujua lugha yetu



Juma hili sileti habari ya vita. Munaisikia kila siku, na wengi wenu munaijua kuliko mimi. Leo nataka niseme juu ya jambo lenye halina mkutano wala tangazo: namna watu tusiowajua walitusaidia wakati tulikuwa kama mabubu. Mwishoni nitasema neno lingine ambalo pengine halitawafurahisha wote. Munisikilize mpaka mwisho.

Munakumbuka mwezi wa pili 2025. Goma ilikuwa imeanguka mwishoni mwa mwezi wa kwanza, kisha vita ikaingia Bukavu, na barabara ya bonde la Ruzizi ikajaa watu. Makumi ya maelfu walivuka kuingia Burundi. Wengine walipita kwenye mpaka wa Gatumba, wengine waliingia ndani ya mto kwa miguu, watoto mabegani, magodoro kichwani. Wengi walilala kwanza kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, katika Cibitoke. Baadaye basi na kamyo ziliwapeleka mbali, upande wa Rutana, kwenye kambi ya Musenyi.

Mimi pia nilivuka. Nilikuwa na kinasa sauti, begi moja na familia. Ninasema Kiswahili, Kifaransa cha shule na Kibembe cha nyumbani. Nilijiambia kwamba hiyo inatosha. Karibu na mpaka ilitosha kweli. Cibitoke watu wamezoea kuuziana na sisi tangu zamani, na Bujumbura kuna mitaa kama Buyenzi ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Lakini ukipanda milima na kufika ndani, Burundi ni nchi ya Kirundi. Karibu kila mtu anakisema, tajiri na mulimaji, na mulimaji wa Rutana hana sababu ya kujua Kiswahili. Huko ndiko nilielewa kwamba mtu mzima, mwenye diploma na mwenye kazi ya kusema, anaweza kurudi kuwa mtoto kwa siku moja.

Siku ya kwanza nilitafuta chumvi. Nilikwenda kwenye nyumba ya pembeni ya barabara, mama mmoja akatoka. Nikasema "chumvi". Hakuelewa. Nikasema kwa Kifaransa. Hakuelewa. Nikalamba kidole. Akaingia ndani, akaleta sukari. Nikakunja uso na kutikisa kichwa. Akaleta ndimu. Hapo watoto wake walikuwa wamekwisha kukusanyika kuniangalia. Mwishowe nikaonyesha sufuria yake ya maharage, nikafanya kama mtu anayenyunyiza kitu. Akapiga makofi: "Umunyu!" Akanifungia chumvi ndani ya kipande cha karatasi, na alipoona natoa pesa, akanirudisha mkono. Hakuwa mtu wa mali. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo na mbuzi mmoja mulangoni. Alicheka, ndiyo, lakini alicheka pamoja nami. Na kabla sijaondoka alinifanya nirudilie neno lile mara tatu, kama mwalimu wa darasa la kwanza: umunyu, umunyu, umunyu.

Hiyo ni hadithi ndogo ya chumvi. Sasa musikilize hadithi ya mama mmoja wa Bukavu, aliyenipatia ruhusa ya kuisimulia bila jina lake.

Alikuwa amefika kambini na watoto wane. Mtoto wa mwisho, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa na homa tangu asubuhi. Jioni mama alitoka kutafuta kuni, sababu bila kuni watoto hawali. Munajua habari ya kuni kwenye kambi yoyote: wakimbizi wanahitaji kupika, wenyeji wanaona miti yao inakwisha, na maneno hayakosi. Watu walikuwa wamemwonya asiguse mti wa mtu. Kwa hiyo aliokota vijiti vilivyokauka tu, akavifunga, akaweka kichwani, mtoto mgongoni, akaanza kurudi.

Njiani koko mmoja akatoka nyumbani kwake, akasimama mbele yake. Akaangalia mgongo, akasema kwa nguvu: "Umuti! Umuti!" Akawa ananyoosha mukono kuonyesha barabara.

Yule mama akasikia "mti". Nani kati yetu asingesikia hivyo? Aliona wazi kwamba anashitakiwa kukata mti wa watu na kwamba anaonyeshwa njia ya kwenda kwa chifu. Akashusha kuni zote chini. Akapiga magoti. Akasema: "Koko, unisamehe, niliokota tu zenye zimeanguka." Koko hakuelewa hata neno moja. Akarudilia: "Umuti!" Mama akaanza kulia.

Koko alinyamaza. Alimwangalia muda kidogo, kisha akafanya kile ambacho serikali na mashirika hayawezi kumfundisha mtu. Alimkaribia, akaweka mukono juu ya paji la uso la mtoto, akauweka juu ya paji lake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akafungua kinywa na kufanya kama mtu anayemeza. Kwa Kirundi, "umuti" ni dawa. Mti wanaita "igiti". Koko hakuwa anamshitaki mtu. Alikuwa anasema: mtoto huyu anahitaji dawa, kituo cha afya kiko kule.

Hakuishia kuonyesha kidole. Aliingia ndani, akajifunga kikwembe cha pili, akamshika yule mama mukono, wakatembea pamoja karibu saa nzima, bila neno lolote kati yao. Kwenye kituo, muganga aliyejua Kiswahili kidogo alipima damu: malaria. Alisema wamefika kwa wakati. Ni yeye aliyewaelezea habari ya umuti na mti, na mama aliniambia kwamba alicheka na kulia pamoja, akiwa ameshika magoti ya koko yule. Muganga alijua kwamba mama hasomi, kwa hiyo juu ya kifuko cha dawa alichora jua linalotoka na mwezi: kidonge cha asubuhi, kidonge cha usiku. Kesho yake koko alifika kwenye kambi na kuni zile zilizobaki njiani. Alikuwa ameongeza zingine.

Mtoto yule alipona. Nilimwona anakimbia kati ya mahema, anavuta kopo kwa kamba.

Ndugu zangu, kwa nini nasimulia hii? Kuna watu wanaosema wema wa namna hii ni bahati, au ni tabia tu ya koko mmoja mwenye moyo mzuri. Mimi sikubali. Nilikaa huko, na niliuona mara nyingi. Nilimwona mwenye butiki aliyepanga noti za Burundi moja moja juu ya meza ili nihesabu mwenyewe chenji yangu, sababu aliona sijui pesa yao. Nilimwona kijana wa basi aliyekataa kunishusha kwenye kituo nilichotaja vibaya, akapiga simu kwa mtu anayejua Kiswahili aulize kwanza ninakwenda wapi. Watu hao hawakuwa na mafunzo wala posho. Walikuwa na uvumilivu. Mtu asiyejua lugha yako anaweza kukufukuza kwa sekunde moja, kwa kukugeuzia mgongo tu. Kubaki hapo, kujaribu mara ya pili, ya tatu, ya nne, kuleta sukari, kuleta ndimu, kuleta chumvi, hiyo ni kazi. Yule mama wa Rutana aliacha jembe lake kwa ajili ya kazi hiyo. Tusiiite bahati. Tuiite kwa jina lake, halafu tujue kwamba tuna deni.

Najua munataka kuniuliza: na wale waliotudanganya? Ni kweli, wako. Mimi mwenyewe nilikutana na mtu mwenye kujiita mkalimani. Aliniambia kwamba bila pesa kidogo jina langu halitaandikwa vizuri. Nilitoa, na sikumwona tena. Kumshukuru koko wa kuni hakumaanishi kufunga macho. Kwa hiyo nawaambia wazi wale wanaovuka leo au kesho: kuandikishwa kama mkimbizi ni bure. Msaada wa HCR na wa mashirika yake hauuzwi. Mtu akisema atakutafsiria kwa kulipwa ndani ya foleni, umukatae, utafute mfanyakazi mwenye kitambulisho. Usimwachie mtu simu yako wala karatasi yako ya familia eti akusaidie kusoma.

Jambo lingine: tusiwafanye watoto wetu wakalimani hospitalini. Mtoto anashika lugha mbio, baada ya miezi mitatu anacheza kwa Kirundi, na sisi tunafurahi. Lakini nimemwona binti wa miaka kumi na moja akisimama kati ya mama yake na muganga kutafsiri ugonjwa wa siri wa mama. Alikuwa anaangalia chini. Mama alikuwa anaficha nusu ya maneno. Muganga alipata nusu ya ugonjwa. Hapo wema wa mtu wa njiani hautoshi. Panahitajika mwanamke mzima, anayejulikana, aliyechaguliwa na jamii, anayejua kufunga kinywa. Wenye kusimamia afya kambini wasikie hii: mkalimani ni sehemu ya dawa.

Sasa nafika kwenye neno gumu.

Sisi pia tumepokea watu wasiojua lugha yetu. Tangu 2015, Warundi waliokimbia nchi yao wanaishi kwetu, teritware ya Fizi, kwenye kambi ya Lusenda, na baadaye Mulongwe. Nimefanya kazi huko. Wanafika sokoni kununua ndagala na unga. Kwa Kirundi herufi yetu "l" mara nyingi inakuwa "r": sisi tunasema kulala, wao kurara, sisi kula, wao kurya. Kwa hiyo kijana wa Kirundi akijaribu Kiswahili, maneno yanatoka namna hiyo. Na sisi tulifanya nini? Tulicheka. Sikusema "walicheka", nimesema tulicheka. Siku moja kijana mmoja alikuwa anatafuta mahali pa "kurara", na kundi zima pale kwenye maegesho ya motari likamfanya aseme tena na tena, wala si kwa kumfundisha. Mimi nilikuwa na mikro mkononi, na nilicheka nao. Kijana alitabasamu kwa haya, akaondoka. Sijui alilala wapi.

Nilimkumbuka siku ile ya chumvi. Mama wa Rutana alinifanya nirudilie neno mara tatu ili nilishike. Sisi tulimfanya yule kijana arudilie neno ili tufurahi. Utaona tofauti.

Na kuna baya kuliko kicheko. Katika miji yetu siku hizi, lugha imekuwa sababu ya kumshuku mtu. Mtu anaongea kwa simu ndani ya basi, lugha yake inafanana na ile ya upande mwingine wa mpaka, na tayari kuna anayemwangalia vibaya, kuna anayenong'ona, kuna anayeita vijana. Nimeandika habari za watu walioteswa hivyo, na baadhi yao walikuwa majirani zetu wa siku zote. Nataka kuuliza swali moja kwa mtu yeyote aliyevuka Ruzizi na akarudi: neno "umuti" ulilifundishwa na nani? "Amazi" ulipewa na nani wakati mtoto wako alikuwa na kiu? Lugha ile ile iliyomwokoa mtoto wako kule, utaitumia kumuhukumu mtu hapa?

Naelewa hasira. Nimepoteza watu pia. Anayebeba silaha na kuua aulizwe kwa matendo yake, mbele ya sheria, lugha yoyote anayosema. Lakini ulimi si kitambulisho cha uadui. Ulimi tunaupata kwa mama zetu, hakuna aliyeuchagua. Koko yule wa Rutana naye angeweza kusikiliza uvumi. Na uvumi juu yetu Wakongomani ulikuwako: kwamba tunakata miti, kwamba tunaleta magonjwa, kwamba tunaleta vita. Angefunga mulango wake jioni ile, hakuna mtu angemlaumu. Na mama wa Bukavu angekuwa na watoto watatu.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, na ni madogo.

La kwanza ni kwetu sisi watu wa redio. Tunapoteza saa nyingi kwa miziki na salamu. Tutoe dakika tano kila asubuhi kufundisha maneno ya jirani: Kirundi kwa wanaovuka, Kiswahili kwa wanaofika, Kifuliru, Mashi, Kibembe, Kinyamulenge kwa wale wanaoishi mtaa mmoja bila kusalimiana. Naanza leo na maneno kumi ya Kirundi, muyaandike: amahoro, ni salamu, ni amani, murakoze, asante, ego, ndiyo, oya, hapana, amazi, maji, umunyu, chumvi, umwana, mtoto, ararwaye, ni mgonjwa, umuti, dawa, ni angahe, ni bei gani. Mtu mwenye maneno hayo kumi hatapiga magoti njiani bila sababu. Na hesabu haitawasumbua sana: gatatu, kane, gatanu, umunani, munasikia wenyewe tatu, nne, tano, nane ndani yake. Lugha zetu ni ndugu. Zinafanana, na mara nyingine zinatudanganya kama ndugu.

La pili ni kwa familia zinazopokea na kwa wakubwa wa mitaa. Mgeni akifika, musingoje aseme kwanza. Anayejua njia ndiye anasalimia. Mumuonyeshe maji, choo, kituo cha afya na mahali pa hatari kabla hajauliza, sababu pengine hana maneno ya kuuliza. Na mtoto akicheka namna mgeni anavyosema, mumukataze hapo hapo.

La tatu ni kwenu ndugu zangu mulio mbali na nyumbani. Andikeni, au mumuombe mtu awaandikie, karatasi ndogo: jina, kijiji, majina ya watoto, ugonjwa kama uko, namba ya simu ya mtu wa familia. Muifunge ndani ya plastiki, muitie ndani ya kikwembe au mfukoni. Na musione haya kuomba kwa mikono. Mimi nililamba kidole mbele ya watoto sita, na nilirudi na chumvi.

Nilipomuuliza yule mama wa Bukavu alimlipa koko nini, alinishangaa. Alisema alijaribu kumpelekea kipande cha sabuni kutoka kwenye mgao wake, koko akakikata katikati kwa kisu, akamrudishia nusu. Tangu siku ile wanatembeleana kila siku ya Mungu baada ya ibada. Nikauliza wanaongea nini, ikiwa mmoja hajui Kiswahili na mwingine anajua maneno machache tu ya Kirundi. Akasema: "Tunachambua maharage. Mtoto anacheza. Saa ya kurudi inafika, ananiambia amahoro, nami namwambia amahoro."

Kama nawe kuna mtu alikusaidia bila kujua lugha yako, Burundi, Uganda, Tanzania, Zambia au mbali zaidi, au hapa hapa kwetu kwa familia iliyokupokea, tutumie ujumbe wa sauti, hata wa dakika moja. Tutausoma na kuusikilizisha siku ya Posho asubuhi. Na kama ni wewe uliyecheka, kama mimi, unaweza kutuma pia.

Mwandishi wenu wa redio, Kivu Kusini.